Darasa la saba Kikula: somo la lugha linamfundisha mtoto nini?

Kila Septemba, watoto wa Kikula, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanapoingia darasa la saba, swali lile lile huzuka katika mikutano ya wazazi na kwenye vibaraza vya nyumba: huku mtoto anajifunza lugha ipi, na itamfaa nini? Mzazi mmoja ana hakika kwamba Kifaransa ndicho kinachopasisha mtihani. Mwingine amesikia kwamba serikali imerudisha lugha za taifa shuleni, naye hajaona mabadiliko. Wa tatu ana ndugu anayepeleka lori la shaba hadi Zambia, na kwake yeye Kiingereza ndicho chenye mkate. Mtoto mwenyewe anarudi nyumbani akizungumza Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo mara nyingi babu yake hakuzaliwa nayo.

Wazazi hao watatu wote wana haki. Lakini wanabishania jina la lugha, na jambo lililo kubwa zaidi linapita bila kuulizwa: mtoto akimaliza darasa la nane, anaweza kusoma ukurasa mmoja, akaeleza mwandishi anadai nini na anaegemea ushahidi gani, kisha akamjibu kwa maandishi? Uchambuzi huu unapitia hoja za kila upande kwa kipimo hicho.

Msomaji wa Tanzania asichanganye mambo. Darasa la saba linalosemwa hapa si mwisho wa shule ya msingi. Ni mwanzo wa ngazi ya kati, miaka miwili inayomtoa mtoto shule ya msingi ya miaka sita na kumfikisha kwenye mlango wa sekondari ya juu.

Mkanganyiko ulikotoka

Kikula ni mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi, Katanga. Nyingine ni Likasi yenyewe, Panda na Shituru. Wakati wa Wabelgiji mji huo uliitwa Jadotville, na uliishi kwa shaba ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 ambayo baada ya kutaifishwa ilikuja kuwa Gécamines. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, kila kundi na lugha yake. Miaka ya mwanzo wasimamizi waliwaamrisha kwa Kikabanga, lugha ya migodini iliyotoka kusini. Baadaye kampuni, serikali na wamisionari waliafikiana kutumia Kiswahili, nacho kikaingia kambini, kanisani na darasani. Kwa vizazi viwili kikawa lugha ya kwanza ya watoto wa mjini. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, alionyesha jinsi watawala walivyojaribu kukishika Kiswahili kwa sarufi na vitabu vyao, na jinsi wafanyakazi walivyokifanya chao kwa namna ambayo vitabu hivyo havikuitarajia.

Uhuru uligeuza mambo. Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha pekee ya kufundishia, tangu darasa la kwanza. Sababu zilieleweka: nchi ilitaka umoja haraka, na ilihitaji makarani, wauguzi na wahandisi wa kushika nafasi zilizoachwa na Wabelgiji. Miaka kumi na miwili baadaye, Mei 1974, wanaisimu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, walikutana Lubumbashi katika semina yao ya kwanza ya kitaifa, wakapendekeza lugha za taifa ziingie shuleni. Tangu hapo sera imekuwa ikienda mbele na kurudi nyuma.

Sheria za leo hazimwondolei mzazi wasiwasi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema Kifaransa ndiyo lugha ya kufundishia, halafu inaongeza kwamba lugha za taifa au za mazingira zitatumika kufundishia na zitakuwa pia somo, kwa viwango vitakavyowekwa na kanuni. Mwenye kutaka Kifaransa anasoma nusu ya kwanza na kuridhika. Mwenye kutaka Kiswahili anasoma nusu ya pili. Darasani mwalimu anafuata mtihani.

Sheria hiyo hiyo ya 2014 iliunda elimu ya msingi ya miaka minane, na kilichoitwa mwaka wa kwanza wa sekondari kikageuka darasa la saba. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ililenga shule ya msingi, yaani miaka sita ya mwanzo. Kwa hiyo darasa la saba ndipo mzazi wa Kikula anapoanza tena kutoa ada, na mtu anayetoa ada ana haki ya kuuliza ananunua nini. Kisha mwaka 2022 Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza na Kiswahili vina nafasi kubwa, na swali likapata kichwa cha tatu.

Kilichomo ndani ya vipindi

Somo la Kifaransa katika ngazi hii lina sehemu zinazojulikana na kila aliyelipitia: kusoma, msamiati, sarufi, minyambuliko ya vitenzi, imla na insha. Mtaala unataka pia mazungumzo. Lakini darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache linapendelea kinachoweza kuandikwa ubaoni na kusahihishwa upesi. Minyambuliko inasahihishwa upesi, na imla pia. Insha ya watoto 60 inamla mwalimu usiku mzima, na mshahara wake haumlipi usiku huo. Hivyo insha inapungua, na kusoma kunageuka kuwa kusoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, bila swali gumu kuhusu maana.

Kiingereza kina vipindi vichache zaidi: salamu, mazungumzo mafupi, nyakati za vitenzi, kifungu kidogo na maswali yake.

Linganisha na kinachotarajiwa kwingine kwa watoto wa umri huo. Marekani, katika viwango vya pamoja vilivyotolewa mwaka 2010 na kupokewa na majimbo mengi, mtoto wa darasa la sita anatakiwa kutaja ushahidi kutoka katika matini kuunga mkono anachosema. Darasa la saba anatakiwa kutoa ushahidi zaidi ya mmoja, na katika kuandika hoja akiri kwamba kuna hoja ya upande wa pili. Darasa la nane anatakiwa kuchagua ushahidi wenye nguvu kuliko mwingine. Sarufi imo, lakini ni mtumishi wa kazi hiyo. Shule nyingi za Marekani hazifikii viwango hivyo, na hilo lisifichwe. Ninavitaja kwa sababu vinaonyesha ngazi: kila mwaka mtoto anaongezewa kazi moja ya akili. Kenya nako, tangu Januari 2023, mwanafunzi wa Gredi ya 7 anasoma Kiingereza na Kiswahili kama masomo mawili kamili, kila moja likiwa na kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika.

Kikula ngazi hiyo ya akili haionekani, kwa sababu mtihani hauiulizi. Mwisho wa darasa la nane upo TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchuja wanafunzi na kuwaelekeza kwenye michepuo ya sekondari ya juu. Mwisho wa sekondari upo Mtihani wa Dola, ulioanza mwaka 1967, na ambao sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu. Insha ndefu ya Kifaransa yenye hoja inamngoja mwanafunzi huko mwisho, katika sehemu inayotangulia mtihani mkuu. Ustadi ambao ungepaswa kuanza akiwa na miaka 12 unadaiwa akiwa na miaka 18.

Na msingi wenyewe ni dhaifu. Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wa miaka kumi nchini Kongo hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Mwalimu wa darasa la saba anapokea watoto waliopita mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na wengi wao bado hawajui kusoma kwa maana halisi ya neno hilo.

Wanaosema Kifaransa kwanza

Upande huu una hoja nzito, na wanaoupuuza kwa kuuita mabaki ya ukoloni hawamsaidii mtoto. Sheria zimeandikwa kwa Kifaransa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha kwa Kifaransa, na benki na ofisi za serikali zinaandika kwa Kifaransa. Mtoto wa Kikula asiyekijua amefungiwa milango, na mtoto wa tajiri anayekizungumza nyumbani ataipita milango hiyo peke yake. Kwa maskini, Kifaransa cha shule ndicho Kifaransa pekee atakachokipata. Kumpunguzia vipindi kwa jina la utamaduni kunaweza kuwa dhuluma juu ya dhuluma.

Ipo pia hoja ya umoja. Kongo ina lugha nne za taifa, na kila moja ina eneo lake. Mtoto anayehama Likasi kwenda Mbuji-Mayi au Kinshasa anaikuta shule ile ile kwa sababu ya Kifaransa. Likasi inalijua jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao mjini humo, wengine wakalala kwa miezi kituo cha reli wakingoja treni. Katika mji wenye kumbukumbu hiyo, lugha isiyo ya kabila lolote ni kitu cha thamani. Lakini hapa hoja inageuka na kumkabili mwenye kuitoa, kwa maana Kiswahili cha Likasi nacho si cha kabila lolote. Mtoto wa Kiluba kutoka Kasai aliyezaliwa Kikula anakizungumza sawasawa na mtoto wa Kisanga au wa Kibemba.

Wenye msimamo huu hupenda kumtaja V. Y. Mudimbe. Alizaliwa Likasi mwaka 1941, akaandika riwaya kwa Kifaransa, akafundisha Lubumbashi, akatunga pia vitabu vya kufundishia Kifaransa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha akaandika kwa Kiingereza kitabu kilichobadilisha namna wasomi wanavyoizungumzia Afrika, akiwa profesa Marekani, ambako alifariki Aprili 2025. Ni mfano wa haki, na Likasi ijivunie. Ila Mudimbe alilelewa na shule za Wabenediktini, zilizochukua wavulana wachache, zikawapa vitabu, Kilatini na walimu wa kuwafuatilia mmoja mmoja. Darasa la watoto 60 linaiga lugha ya shule ile na kukosa vyombo vyake vyote.

Udhaifu mkubwa wa Kifaransa-kwanza ni kwamba kinamdai mtoto mambo mawili kwa wakati mmoja. Anajifunza kusoma, na papo hapo anajifunza lugha anayosomea. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa: aliyejua silabi amejua kusoma neno lolote. Kifaransa huandika herufi tatu, e, a, u, kwa sauti moja ya o, na hubakiza mwishoni mwa neno herufi zisizosikika kabisa. Mtoto anayepigana na herufi hana nguvu iliyobaki ya kupigana na maana.

Wanaosema Kiswahili ndio msingi

Hoja ya hawa inaanzia pale pale. Ustadi wa kusoma kwa kuelewa, kupanga mawazo na kutetea hoja, wanasema, ukishajengwa katika lugha moja huhama na mwenye nao kwenda lugha nyingine. Mtafiti wa elimu Jim Cummins wa Kanada aliieleza nadharia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Afrika ina ushahidi wake. Kuanzia mwaka 1970, mradi wa Ife nchini Nigeria ulifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka sita yote ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu hodari, na watoto hao hawakubaki nyuma hata kwa Kiingereza. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi. Kwa sera ya mwaka 1994, mikoa iliruhusiwa kufundisha kwa lugha zake hadi darasa la nane. Utafiti ulioagizwa na wizara ya elimu ya huko na kutolewa mwaka 2007 uliona kwamba wanafunzi waliosoma kwa lugha yao hadi darasa la nane walifanya vizuri zaidi mwishoni mwa ngazi hiyo, sayansi ikiwemo, kuliko waliohamishiwa Kiingereza mapema. Darasa la nane ndilo hasa tunalolizungumza.

Kwa Kikula hoja hii ina nguvu ya pekee, kwa sababu lugha ya mtoto tayari ina kazi za sanaa za kuchambua. Mwaka 1952, huko huko Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco, kijana mzaliwa wa Bunkeya, akipiga gita na kuimba kwa Kiswahili. Rekodi hizo zikasikika mbali sana na Katanga. Kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi limewachekesha na kuwafikirisha watu kwa miongo kwa Kiswahili cha mtaani, redioni na kwenye televisheni, na Fabian aliandika kitabu kizima kuhusu mchezo wao mmoja wa mwaka 1986 juu ya madaraka. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuulizwa: mhusika huyu anasema nini, na anaficha nini? Atajibu kwa sababu anaelewa kila neno, pamoja na lililo chini ya neno.

Udhaifu upo pia, na wenye hoja hii huupitia haraka mno. Vitabu kwanza. Mradi wa ACCELERE!, uliofadhiliwa na Marekani na Uingereza kuanzia mwaka 2015, ulitoa vitabu vya kusomea kwa Kiswahili, Kilingala na Tshiluba, lakini kwa madarasa ya chini. Darasa la saba na la nane lina rafu karibu tupu. Vitabu vya Tanzania na Kenya vipo, lakini vimeandikiwa watoto wa Sumbawanga na Mombasa. Pili, msaada wa nje unakatika: shirika la misaada la Marekani lililobeba mradi huo lilifungwa mwaka 2025. Tatu, Tanzania yenyewe inaonyesha hatari ya kujenga upande mmoja. Huko mtoto anasoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha sekondari inageuka Kiingereza kwa siku moja, na wengi hubaki wakikariri madaftari. Kujenga kwa Kiswahili bila daraja la kuvukia ni kuuahirisha mgogoro.

Kiswahili kipi?

Hapa ndipo mijadala mingi hukwama, na kwa maoni yangu inakwama bila sababu. Mtoto wa Kikula anasema batoto, bintu na muntu. Husema eko pale msemaji wa Kiswahili sanifu anaposema yuko, na njo pale wa pwani anaposema ndiyo. Kwake masomo ni shule yenyewe, na kalasi ni darasa. Ukimpa kitabu cha Kiswahili sanifu atakielewa, lakini atahisi amevalishwa nguo ya jirani. Wapo walimu wanaosema: kama lazima ajifunze Kiswahili kingine, afadhali muda huo apewe Kifaransa.

Hoja hiyo haitazami watoto wanavyozungumza. Vincent de Rooij, aliyechunguza mazungumzo ya Lubumbashi katika miaka ya 1990, alionyesha jinsi wasemaji wanavyobadili Kiswahili chao kwa makusudi, kutoka cha nyumbani hadi kile wanachokiita bora, na jinsi wanavyochanganya Kifaransa kwa mpangilio. Mtoto anayesikia mahubiri Jumapili na matani ya mtaani Jumatatu anazijua sajili mbili tayari. Kazi ya shule ni kumfanya aone anachokifanya. Weka batoto na watoto ubaoni, uliza kiambishi kipi kimebadilika na nani husema hivyo wapi, na umefundisha sarufi nyingi zaidi kwa saa moja kuliko kurasa kumi za kanuni. Tena umemwandalia njia ya Kifaransa: aliyeona kwamba nomino ya Kiswahili ina ngeli hashangai sana kuona kwamba nomino ya Kifaransa ina jinsia. Asome sanifu, aandike kuelekea sanifu, na cha nyumbani kisiitwe kosa. Gharama yake ni ndogo.

Mvuto wa Kiingereza

Barabara ya Taifa Namba 1 inapita Likasi kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na shaba na kobalti zinashuka nayo kwenda mpaka wa Kasumbalesa, kuvuka Zambia, kisha bandari za Dar es Salaam na Durban. Madereva, mawakala wa forodha na mafundi wa migodini wanakutana na Kiingereza kila siku. Mzazi anayekitaka hajadanganywa na mtindo; ameona njia ya riziki.

Lakini shule haiwezi kuongeza lugha ya tatu bila kuchukua saa mahali. Vipindi viwili zaidi vya Kiingereza kwa mtoto asiyesoma kwa kuelewa vitampa orodha ndefu zaidi ya vitenzi, basi. Anayesoma vizuri kwa lugha mbili ataijifunza ya tatu upesi anapoihitaji, na Kasumbalesa ina watu wengi waliojifunza Kiingereza cha kazi wakiwa watu wazima. Jumuiya ya Afrika Mashariki haibadilishi hesabu hii sana, kwa maana ndani yake Kiswahili ni mali ambayo mtoto wa Kikula anayo tayari. Uganda inaitafuta mali hiyo kwa nguvu: mtaala wake wa mwaka 2020 umefanya Kiswahili somo la lazima mwanzoni mwa sekondari. Likasi inayo bure, na inaiacha nje ya lango la shule.

Kupima

Ukipima kwa mtihani peke yake, Kifaransa kinashinda, na kila saa inayoondolewa kwake ni hatari ambayo mzazi maskini ndiye atakayeibeba. Ukipima kwa uwezo wa kusoma na kuhoji, Kiswahili kinashinda kama mahali pa kuanzia. Kiingereza hakishindi kwa kipimo chochote katika umri huu, ingawa kinastahili kubaki.

Hukumu yangu ni kwamba Kifaransa kibaki lugha ya mtihani na ya masomo mengine, lakini namna ya kukifundisha igeuke, na Kiswahili kipewe kazi maalumu ndani ya miaka hii miwili. Katika darasa la saba, kipindi kimoja au viwili kwa wiki vitolewe kwenye imla na minyambuliko ili zisomwe matini za Kiswahili, ukurasa mmoja kwa wiki: tangazo la REGIDESO kuhusu maji, taarifa ya SNEL kuhusu umeme, habari ya redio iliyoandikwa, igizo, methali mbili zinazopingana. Kila ukurasa na maswali matatu: anadai nini, kwa ushahidi gani, na asiyekubaliana naye angesema nini? Mtoto ajibu kwa aya moja. Katika darasa la nane maswali hayo hayo yahamie kwenye matini za Kifaransa, wakati mtoto anapokuwa amekwisha kuzoea kazi yenyewe na kilichobaki kigeni ni maneno tu.

Gharama ninazikubali. Makosa ya tahajia ya Kifaransa huenda yakaongezeka kwa muda, na mwalimu atasahihisha aya nyingi. Lakini aya ni fupi kuliko insha, na watoto wanaweza kusomeana wawili wawili mwalimu akichukua daftari kumi kwa wiki. Mtoto aliyehamia juzi kutoka mkoa usio wa Kiswahili atahitaji msaada. Kwa Kifaransa tayari anauhitaji, na hapewi.

Wengine watasema mwalimu wa kazi hiyo hayupo. Yupo. Katika Taasisi za Juu za Ualimu nchini, idara inayotoa walimu wa Kifaransa huitwa Kifaransa na Lugha za Kiafrika. Nusu ya pili ya cheti cha mwalimu huyo haijaombwa kufanya kazi. Tena jambo hili halingoji Kinshasa: sheria ya 2014 inaruhusu lugha za taifa kuwa somo, na alama za kila kipindi cha mwaka mwalimu huzitoa kwa kazi alizozitunga mwenyewe. Mkuu wa shule wa Kikula anaweza kuanza Septemba ijayo.

Mzazi naye ana la kufanya bila kungoja mkuu wa shule. Katika mkutano ujao asiulize tu mtoto amepata ngapi katika Kifaransa. Aombe daftari la insha, na ahesabu kurasa ambazo mtoto ameandika kwa maneno yake mwenyewe tangu Septemba, kwa lugha yoyote ile. Kama hakuna hata moja, amuulize mwalimu kwa heshima ni kwa nini, na asiondoke bila jibu.